Karanga za Msimbazi, tuzo ya Uholanzi

Saa nne asubuhi, pikapu ya ofisi inatoka Msimbazi kuelekea uwanja wa ndege. Nyuma kuna sanduku limefungwa kamba. Mbele, pembeni ya dereva Melkiori, amekaa Sitara Mrisho, karani wa masijala, hotuba yake mapajani. Ndege inaruka saa nane.

Anaenda Uholanzi kupokea tuzo ya kimataifa ya utunzaji wa kumbukumbu. Mwaka juzi mafuriko ya bonde la Jangwani yaliingia ofisini kwao, shirika la umma la magunia. Akaanika mafaili juu ya paa, karatasi kwa karatasi, mpaka yakarudi kwenye shelfu. Mzungu mmoja wa mradi aliona, akapeleka jina la Sitara kwa wenye tuzo. Tiketi wamelipa wenye tuzo. Mshahara wake wa mwaka mzima usingeinunua.

Kwenye foleni ya magari Melkiori ananunua karanga zilizofungwa kwenye karatasi, anampa. Sitara anakunjua karatasi, anaacha kutafuna.

"Melki, simamisha gari."

"Dada, tumechelewa."

"Simamisha! Karatasi hii nimeianika mimi."

Ni barua ya ajira ya Severa, mshonaji wa magunia, mmoja wa wafanyakazi mia mbili waliopunguzwa ili shirika liuzwe. Wote wanasubiri mafao. Bila faili, hakuna mafao.

Imefikaje kwa muuza karanga? Sitara alipochukua likizo ya kujiandaa na safari, ufunguo alimwachia Onesphory, mtunza ghala. Huku nyuma Onesphory akaamriwa apunguze vitu kabla mnunuzi hajaja kukagua. Kule masijala, mafaili ya waliopunguzwa yalifungwa kamba nyekundu yasichanganyike na mengine. Ghalani kwa Onesphory, kamba nyekundu ni alama ya kitu kibovu, cha kuuzwa kwa kilo.

"Sikumwuliza," anasema Onesphory hadi leo. "Kamba hiyo nimeizoea miaka yote. Nikajua na yeye ndivyo."

Muuza karanga aliwaelekeza nyuma ya soko la Kariakoo, kwa Harshida, mama Rinkal, muuza karatasi za kufungia. Mafaili yalikuwepo, machache yameshachanwa.

"Nimenunua, sijaiba," Harshida akasema. "Watu wa viungo vya mchuzi wanakuja mchana. Niwafungie nini, majani ya mgomba?"

"Mama Rinkal, humu mna uzee wa watu."

"Na humu dukani mna chakula cha wanangu. Niletee karatasi nyingine, uzito uleule, chukua zako."

Melkiori akatazama saa. "Dada, we panda gari nikupeleke. Haya nitakuja kuyashughulikia mimi."

"Utajua lipi la nani, na karatasi zimevurugika hivi?"

"Haya. Ukikosa ndege usinililie."

Wakagawana mtaa kuomba karatasi. Zikaja kalenda za zamani, madaftari ya shule, maboksi. Fundi cherehani akatoa rundo la magazeti ya mpira: "Beba tu, timu yenyewe imeshafungwa." Mizani ikaenda, ikaenda, ikagoma kabla ya kufikia uzito wa mafaili. Watu wa viungo walikuwa wameshafika, wamesimama mlangoni.

Sitara akaweka hotuba yake juu ya rundo. Mshale haukutikisika.

Harshida akaitoa, akamrudishia. "Hii haifungi hata pilipili. Beba mafaili yako, nenda, kabla sijabadili mawazo."

Ndege ya saa nane ilipita juu ya Kariakoo wakiwa bado wanapakia.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Shirika liliuzwa. Waliopunguzwa walilipwa, isipokuwa wawili ambao mafaili yao hayakutimia. Severa ni mmoja wao. Barua ya ajira peke yake, yenye mafuta ya karanga, wakaguzi wa mafao waliikataa. Anauza vitumbua kivukoni Magogoni. Melkiori anamwendesha mnunuzi wa shirika. Onesphory anapanda mchicha Kigamboni. Tuzo ilikuja kwa posta, kioo kimepasuka. Harshida bado anauza karatasi; zikija zenye kamba, kwanza anamwita Sitara.

Sitara anatunza mafaili ya zahanati moja Ilala. Anataka kukamilisha faili la Severa, basi. "Karatasi zake zimo humuhumu mjini," anasema.

Akinunua karanga, huzimwagia kiganjani, akasoma karatasi kwanza.