Nusu Saa ya Marehemu Salimu

Jamani, nichekeni tu, maana kwa aibu niliyoipata Tiwi hata mimi nikiikumbuka najifunika khanga usoni nikiwa peke yangu jikoni, ila mkishacheka nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Kazi yangu mnaijua. Naandika ankara katika ofisi ya mafundi wa pampu na jenereta pale Ukunda. Mafundi wakirudi hunitajia wamefanya kazi muda gani, mimi natia kwenye jedwali la kompyuta, na fomula inaupandisha muda ule hadi nusu saa iliyo mbele, yaani aliyefanya dakika ishirini huandikiwa nusu saa na aliyefanya dakika arobaini huandikiwa saa nzima. Sasa bosi wetu, Bwana Kilonzo, akaniambia hakuna fundi anayetoka hapa kwa chini ya nusu saa, basi nikaiongezea fomula sharti kwamba jibu lisipungue hapo hata iweje, nikaivuta toka juu hadi chini ya jedwali (nilijiona msomi kweli) bila kuangalia inapita juu ya nani.

Ilipita juu ya Fundi Salimu.

Salimu alikuwa fundi wetu wa Tiwi, mtu wa maneno machache na kikohozi kikavu, na kila alasiri alipitia nyumba fulani za wageni karibu na ufuo kukagua pampu ya maji. Akaugua ghafla, akalala, wiki haikwisha tukamzika kwao Msambweni. Mwezi mpya ulipoanza nilinakili jedwali la mwezi uliopita kama kawaida, nikafika kwenye jina lake, kidole kikasita. Nikajiambia, we Mwanasha, mtu arobaini yake haijasomwa, unamfuta? Nikaliacha jina, muda wake nikautia sifuri kila siku, roho ikatulia. Mwisho wa mwezi ankara ikaenda zake kwa wateja, wala sikuitazama mara ya pili.

Baadaye Bwana Kilonzo akaniita, uso umemparama.

“Mwanasha, sasa unatoza watu kazi ya mtu amezikwa?”

Nikafungua ankara. Salimu, nusu saa. Salimu, nusu saa. Mstari baada ya mstari, mwezi mzima, hata Ijumaa, hata siku ya mvua kubwa ambayo sisi wazima tulishindwa kutoka. Mwili ulinisisimka kabla akili haijafika. Kisha nikaelewa: sifuri zangu zilikuwa zimepandishwa.

“Ni fomula, bosi.”

“Mimi najua ni fomula. Huko Tiwi hawajui. Walinzi wamekataa kukaribia chumba cha pampu, wanasema kila alasiri wanamsikia akikohoa ndani, na sasa ankara yetu imewapa ushahidi. Enda uwaeleze.”

Nikaenda, kompyuta kwapani. Meneja wao, Bwana Mwero, alikuwa amewakusanya wafanyakazi wote kando ya bwawa la kuogelea: walinzi, wapishi, wafua mashuka. Nikaamkia wakubwa, wakaniitikia marahaba kwa sauti ndogo, nami nikafungua kompyuta juu ya meza ya wageni, nikaandika sifuri mbele ya macho yao, ikatokea nusu saa. Nikafuta, nikaandika tena, nusu saa.

“Mmeona? Hakuna mtu hapo.”

Hakucheka mtu. Mlinzi mmoja mrefu akanitazama kwa huruma, akasema, “Dada, mashine yako tumeielewa. Na kile kikohozi, nacho ni sifuri?”

Hapo ndipo kiburi kiliponipanda. Nikasema nitaingia mwenyewe.

Chumba chenyewe kimechimbwa nusu chini ya ardhi, kuta za mawe ya matumbawe, unashuka ngazi chache mbichi kwa ukungu. Nje jua la alasiri lilikuwa linachoma, lakini mivinje ilikuwa imenyamaza kimya, jani halitikisiki, na nilipovuka mlango nikahisi baridi ya kisima. Macho yalipozoea giza nikaona mkeka umetandikwa sakafuni, safi, na juu yake vikombe viwili vya kahawa. Vyote viwili vikifuka moshi.

Sikuwa nimemwona mtu akiingia mle.

Nikasimama kama mti. Ndipo nyuma ya tangi ikatoka sauti, khoh, khoh, kavu, ile ile niliyoizoea ofisini, kisha kimya kifupi kama cha mtu anayejifuta mdomo, kisha pampu ikanguruma yenyewe na pumzi ya moto ikanipiga shingoni.

Miguu iliyonipandisha ngazi sijui ilikuwa ya nani. Mlangoni mtandio wangu ukanasa kwenye komeo, nami nikaona wazi kwamba ni mkono umenishika, nikapiga ukelele uliosikika hadi barabarani, “Salimu niachie, si mimi, ni fomula!” Mtandio ukachanika, nikatoka mbio kichwa wazi, sikutazama mbele, nikaingia bwawani mzimamzima, mimi na kompyuta yangu.

Walicheka, jamani. Walinzi waliokuwa wakitetemeka tangu mwezi uanze walicheka hadi wakakaa chini, na meneja akageuza uso mabega yakimtikisika.

Aliyenivuta kutoka majini ni mama mmoja wa mashuka, akanifunika kichwa kwa shuka kavu. Yeye hakucheka.

“Kahawa ni yangu,” akaninong’oneza. “Mimi ni Mejumaa, dada yake Salimu. Alasiri tulikuwa tukinywa pamoja pale.”

Nikamsogelea, shuka kichwani.

“Na kikohozi, Bi Mejumaa?”

“Hewa ndani ya bomba. Aliniambia mwenyewe ipo siku ataitoa. Na pampu hujiwasha maji yakipungua.”

“Sasa mbona hukuwaambia walinzi?”

Akakamua ncha ya khanga yangu polepole. “Nilikuwa najua kaka amekufa, mwanangu. Lakini iliposomwa ile karatasi, jina lake kila siku, kila siku... Nusu saa tu. Nani angekataa?”

Nilirudi Ukunda nimelowa, nikaomba kompyuta ya bosi, yenye nakala ya jedwali, nikaiandika fomula upya ili sifuri ibaki sifuri. Nilipobonyeza, zile nusu saa za Salimu zikaondoka zote kwa pamoja. Nilikaa nikitazama jina lake na sifuri zake, nikajiona kama niliyemzika mara ya pili.

Kesho yake alasiri Bi Mejumaa alinipigia simu.

“Umemfuta?”

“Nimerekebisha tu, Bi Mejumaa.”

“Haya. Leo kumenyamaza.”

“Labda fundi mpya ametoa ile hewa.”

“Fundi mpya hajaletwa,” akasema, na kweli, maana anayeandika nani aende wapi ni mimi, na nilikuwa sijampeleka mtu.

Tangu hapo fomula siivuti tena toka juu hadi chini. Naiandika mstari kwa mstari, nasoma jina kwanza, na nikikuta sifuri nauliza ni ya nani kabla sijaigusa. Bwana Kilonzo analalamika kwamba nachelewesha kazi. Mwacheni alalamike, yeye hakuingia mle ndani.