Salo ya Mama Raïssa

Mimi nimezeekea mtaa huu wa Ngagara. Nyumba hizi nilizijua zikiwa zote za rangi moja. Kwa hiyo nikisema Léoncie, mama wa Raïssa, ni mwanamke wa kusimuliwa, sibahatishi.

Ni mjane, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Jabe. Familia ya mchumba wa Raïssa ilipotuma habari kwamba wanakuja kuposa, Léoncie aliitazama salo yake, sebule ndogo. Wakwe wangebanana magoti kwa magoti. Watu wakamshauri akodi ukumbi.

"Mutoto amekulia humu, ataombwa humu," akasema. Akaamua kubomoa ukuta wa mbele ili baraza iingie ndani ya salo.

Rangi alishapaka, na mabati yaliyotoboka alishabadilisha, bila kuuliza mtu. Hayo ni matengenezo tu. Lakini ukuta unaobeba paa ni jambo lingine. Nikamwambia hapo lazima ruhusa ya komini, yaani halmashauri.

Fundi wake Hyacinthe, anayeniita Koko kama wote wanavyowaita wazee, akanicheka. "Koko, ruhusa itakawia. Tufunge shitingi ya turubai mbele, tujenge nyuma yake. Watu watafikiri kuko sikukuu."

"We Hyacinthe," Léoncie akamjibu, "siku wanakuja kubomoa, hiyo shitingi itanifunika uso?"

Akapeleka mchoro komini. Wakamrudisha: haukuonyesha mpaka wa jirani. Akauchoresha upya, akaenda tena. Siku ya wakwe ilikaribia na ukuta uko palepale. Hyacinthe akachoka kungoja, akavuka barabara kwenda kwa Rénovat, aliyetaka kuongeza vyumba vya kupangisha. Wakafunga shitingi kubwa ya buluu, wakaanza Jumapili, ofisi zikiwa zimefungwa.

"Mama Raïssa," Rénovat akamtania kutoka ng'ambo, "we endelea kupiga foleni. Mi nitakualika kwa nyumba mupya."

Sasa, huku kwetu shitingi bila muziki ni kilio. Watu wakitoka misa waliiona, wakaambiana. Haukupita muda wanawake wakafika na vitenge viunoni, wakaketi chini, wakaanzisha wimbo wa maombolezo. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, naye akaja, kofia mkononi. Rénovat akatokeza, saruji hadi kwenye viwiko.

"Pole sana, ndugu yangu," shefu akasema. "Nani ametutoka?"

"Apana, shefu. Hakuna mutu amekufa."

Shefu akainua pembe ya shitingi. Akautazama ukuta mbichi, kisha akaivaa kofia yake polepole.

"Ruhusa iko wapi?"

Wimbo ulikatika katikati. Mama mmoja akacheka, wote wakafuata. Kazi ikasimamishwa, na ukuta ukachorwa msalaba mwekundu, alama ya kujengwa bila ruhusa.

Juma hilohilo Léoncie alirudi kutoka komini na ruhusa yenye muhuri. Hyacinthe akaja amenywea, akajenga mchana kweupe, shefu akipita na kusalimia. Rangi ya ukuta mpya ilikauka siku moja kabla ya wakwe kufika.

Walikaa wote ndani, miguu imenyooka, na kreti za bia zikapata nafasi. Rénovat alialikwa pia. Akaninong'oneza, "Koko, komini wanafungua saa ngapi?" Nikamwambia amalize bia kwanza.

Msemaji wa wakwe alisimama, akatazama huku na huku.

"Tumekuja kuomba mutoto," akasema, "na tunaona tumekuja kwa nyumba ya watu wa heshima."

Léoncie alinyoosha imvutano, vazi lake la sherehe, begani, akaagiza vinywaji viongezwe. Tangu nizaliwe sijaona mwanamke aliyekalia kiti cha plastiki vizuri namna ile.