Jina la Solange

Kesi ile ilinigharimu mabinti wawili. Nimehesabu mara mbili, na kila mara jibu ni wawili, ingawa mmoja alikuwa amekufa kabla mtu yeyote hajashtakiwa.

Solange nilimzaa mwenyewe. Siku ya mwisho ya maisha yetu ya kawaida tulikuwa sokoni kwetu Ituri, Kongo, tukiuza chumvi. Mteja mmoja aling'ang'ania nyongeza, nikamwambia nyongeza iko baharini, aende akachote. Solange, wa miaka kumi na miwili, alicheka mpaka akamwaga kikombe kizima. Nilimgombeza kidogo, nikazoa chumvi ile kutoka vumbini, nikawauzia wenye ng'ombe.

Milio ilianzia upande wa kanisa. Kwanza tulidhani kuna mtu anashusha mabati.

Tulikimbilia njia ya mashambani. Jioni nilihesabu watu wa kundi letu, kumi na wanne. Nikahesabu tena, maana mfanyabiashara anayehesabu mara moja ni mteja.

Kesho yake wenye bunduki walitukuta kwenye shamba la mihogo.

Tulilala chini. Risasi zilipita juu zikikata majani.

Ziliponyamaza tuliinuka. Solange hakuinuka.

Tulimzika chini ya mparachichi kwa jembe moja na sufuria mbili. Sikulia kwa sauti, sauti ingetuuza.

Tulipotaka kuondoka nilihesabu watu. Kumi na wanne. Nikahesabu tena. Kumi na wanne.

Nilianza kuamini kwamba nilikuwa nimeota. Ndipo nikamwona msichana wa kimo kile kile, aliyetoka mihogoni bila neno, ameketi kati yetu akiitazama mikono yangu yenye udongo. Hatukumuuliza watu wake wako wapi. Angekuwa nao, asingekuwa pale.

Mbele kulikuwa na barieri, gogo limelazwa barabarani na vijana wenye bunduki wamesimama. Walikuwa wakiwatenga wasichana wasio na mtu. Mmoja alimshika bega yule msichana.

"Huyu wa nani?"

"Wangu," nikasema. "Solange."

Jina lilitoka kabla sijaliruhusu. Kijana akamwachilia.

Uganda tuliandikishwa kama wakimbizi kwenye karatasi moja, mama na mwana. Baadaye tukaingia Busia upande wa Kenya, nikafungua meza ya vitenge. Tuliishi hivyo miaka mitatu. Aliniita Mama, nami nikamwita Solange, na habari za mihogo hakuna aliyezigusa.

Kisha akaja mwanamke mmoja aliyenunua vitenge bila kupunguza bei. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Wasichana wa soko walimwita Shangazi. Alisema ana nafasi za kazi ya hoteli Nairobi. Asubuhi moja niliamka, kitanda cha mwanangu kitupu.

Miezi ilipita. Siku moja polisi wakavamia nyumba moja ya Malaba, mpakani, nyuma ya maegesho ya malori. Kufuli lilikuwa nje ya mlango. Ndani walikuwa wasichana sita, naye mmoja wao. Shangazi alikamatwa, na wasichana pia wakakamatwa, wakashtakiwa kwa kuwa nchini bila kibali. Wangerudishwa walikotoka. Mimi nilijua wanakotoka kuna nini.

Aliyewatetea bila malipo alikuwa wakili kijana wa Kiteso anayeitwa Amoit. Alinieleza kwamba mahakama ikikubali kuwa hawa ni waathiriwa wa ulanguzi wa binadamu, mashtaka yao yataondolewa na hakuna atakayewarudisha vitani.

"Lakini tuna shida, mama," akasema. "Wewe unasema huyu ni Solange, umemzaa. Yeye ameniambia anaitwa Dorcas."

Nilikwenda kumwona walikomweka. Alikuwa amekonda, na kila mlango ulipofungwa aligeuka kuutazama.

"Kwa nini Dorcas?" nikamuuliza.

"Ndilo jina langu. Kule ndani niliitwa Queen. Mama, nimechoka na majina ya watu."

Nilirudi kwa Amoit na bei ya kati. "Tuseme ni mtoto wa dada yangu."

"Mahakamani hakuna maelewano ya bei, mama."

"Nimeishi mpakani, dada. Kila mahali kuna maelewano ya bei."

"Basi tafuta duka lingine. Hapa ukikutwa na uongo mmoja, ushahidi wote unaanguka, na wasichana sita wanavushwa daraja la mpakani."

Siku ya kutoa ushahidi, wakili wa Shangazi alisimama akiwa ametulia kama mtu aliyeshakula.

"Mteja wangu anaitwa shangazi na watoto wasio wake. Wewe unaitwa mama na mtoto asiye wako. Umemvusha mipaka miwili kwa jina lisilo lake. Tofauti yenu ni ipi?"

"Kufuli," nikasema. "Mlango wangu una komeo moja tu, na liko ndani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajizuia.

"Na Solange ni nani?"

Nilimtazama Dorcas. Alikuwa ameinamisha kichwa, akiitazama mikono yangu kama siku ile.

"Solange ni mtoto wangu. Alipigwa risasi. Nilimzika."

Nilikuwa sijawahi kulisema.

Hakimu aliinua kalamu. "Rudia polepole, mama, niandike."

Nikarudia. Ndivyo nilivyomzika mara ya pili.

Wasichana waliondolewa mashtaka. Shangazi alifungwa. Dorcas alipelekwa kwenye makao ya siri, mbali na mpaka, ambako wanaoruhusiwa kumtembelea ni ndugu wa damu tu, na mimi nilikuwa nimetoka kuapa mbele ya watu wote kwamba si damu yake. Tangu nianze biashara sijawahi kutoa ukweli mwingi hivyo, wala kupata hasara kama ile.

Mpaka leo nikifunga meza nahesabu vitenge mara mbili. Nikifika nyumbani nahesabu watu. Napata mmoja. Nikirudia, kuna siku napata watatu, na siku hizo sizimi taa.

Wiki iliyopita Amoit alikuja sokoni. Dorcas ametimiza miaka kumi na minane, amepata kibali cha kuishi, na sasa anatengenezewa karatasi zake mwenyewe. Anataka ziandikwe Dorcas Solange.

"Anaomba ruhusa yako," akasema Amoit.

"Si alichoka na majina ya watu?"

"Anasema hilo ndilo lililomtoa kwenye barieri." Aliona nakunja kitenge kilichokwisha kukunjwa. "Kwetu mtoto hupewa jina la aliyekufa, mama. Si vibaya."

Najua. Lakini wanaopewa ni wachanga, hawajui wamembeba nani. Huyu alikaa pembeni nikimfukia mwenye jina.

Nikikubali, mtu ataita Solange mahali fulani, na atakayeitika hatakuwa Solange. Nikikataa, jina litabaki chini ya mparachichi ambao siwezi tena kuufikia, na nitakuwa nimemnyima aliye hai. Nimepima mara mbili, mizani haitulii.

Amoit anarudi Jumatatu kuchukua jibu. Wewe uliyewahi kumwacha mtoto njiani, nakuomba unishauri kabla hajafika.