Vichwa vya Mbuta Nilivyopima Kakuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa aproni ya plastiki, kisu na ubao. Ubao ule ulikuwa na rula iliyopigiliwa katikati, na mbele kibao cha kuzuia pua ya samaki. Mkuu wa Kituo, Dakta Mutiso, alinionyesha mara moja tu: pua hapa, mkia ulaze, soma namba, andika. Nilikuwa nimefika darasa la pili. Lakini namba nilizijua, na majina ya samaki niliyajua kumshinda yeye. Kazi hiyo, ya kuichunguzia serikali samaki wa ziwa letu, niliifanya pale Kalokol mpaka nikastaafu. Ninyi wajukuu hapa Lodwar huniuliza tulikuwa tunapima nini miaka yote hiyo. Basi sikilizeni.

Tulipima urefu, tukapima uzito. Tulipasua kichwa tukatoa vijiwe viwili vya sikioni, vyenye miviringo kama ya mti uliokatwa. Dakta aliihesabu akajua umri wa samaki. Na mbuta, yule sisi Waturkana tunamwita iji, tulimfungua tumbo tuone mayai: bado machanga, yameiva, au ameshataga. Baada ya muda sikuhitaji tena kuambiwa. Nikigusa tu, najua.

Asubuhi moja Dakta aliniita ofisini. Daftari zangu zilikuwa zimejaa meza.

"Mama Arot, mbuta wakubwa wamekwisha. Miaka miwili umepima, na hakuna hata mmoja mrefu kupita mkono wangu. Naandikia Nairobi ghuba yetu ifungwe, pasivuliwe mwaka mzima."

Mwaka mzima! Nikawaona wanawake wote wa ufuoni wamekaa na beseni tupu.

"Daktari, wakubwa wapo."

"Wapo wapi?"

"Wanaenda Kakuma, kambini kwa wakimbizi."

Alivua miwani. Nikamweleza. Pale ufuoni kwetu samaki mkubwa huwa ameahidiwa mtu kabla mashua haijagusa mchanga. Akishuka anafunikwa gunia bichi, kando, asubiri gari. Na samaki wa mtu hapimwi. Kumpima ni kama kumtamani. Hakuna mwanamke angemleta mezani kwangu, na mimi niliyezaliwa hapo nisingemwomba.

"Miaka miwili, mama! Na hukuniambia?"

"Uliniambia nipime walioletwa mezani, Daktari. Nimepima walioletwa mezani."

Alirudisha miwani yake. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyejikwaa. "Hapo mjinga ni mimi. Huko Kakuma vichwa vinabaki?"

"Wakongo wanavipenda kuliko mnofu."

Alikuwa na karatasi ya hesabu: ukijua urefu wa kichwa, unapata urefu wa samaki mzima. Akaniandikia ruhusa ya safari.

Aliyefurahi zaidi ni rafiki yangu Nakiru. Yeye ndiye aliyekuwa akipeleka mbuta wakubwa Kakuma, wabichi na ng'onda, na biashara hiyo ndiyo iliyomsomesha binti yake Akai, aliyekuwa kidato cha pili.

"Nenda, dada," alisema. "Pima vichwa, pima hata ndevu zao! Nairobi wajue ziwa letu halijafa."

Kule kambini alinielekeza kwa mteja wake, Mama Furaha, Mkongo mwenye kibanda cha samaki na chungu kisichotoka motoni.

"Ejok, mama!" alinisalimu kwa Kiturkana. "Unataka kichwa ngapi?"

"Vyote. Lakini sinunui. Napima."

Aliwaita wenzake waje waone. "Serikali ya Kenya imetuma bibi apime vichwa! Pima, mama, pima. Hata sisi walitupimaka wakati tulifika. Hizi, afadhali, haziwezi kukimbia."

Nilipima siku nne. Kulikuwa na vichwa virefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Kila namba nilipoiandika nilimwona Nakiru anapiga vigelegele.

Siku ya mwisho Mama Furaha aliniwekea bugali, na mboga yake ilikuwa mayai ya samaki, yamepikwa na nyanya. Matamu kweli.

"Unapata wapi mayai mengi hivi?"

"Si ni ndani ya hizi kubwa? Kubwa yote iko na mayai. Yote ni mama."

Nikarudisha tonge sahanini.

Gari la kurudi lilinishusha Lodwar, nikakaa stendi kungoja la Kalokol. Nikafungua karatasi. Kulikuwa na mahali pa urefu wa kichwa na mahali pa tarehe. Mahali pa mayai hapakuwapo. Hakuna aliyenituma mayai. Ningenyamaza, ghuba ingebaki wazi na Nakiru angeendelea. Lakini nilikuwa nimefungua matumbo ya mbuta miaka miwili. Nilijua kwamba tunaowafunika magunia ndio wanaozaa wale wadogo wa mezani.

Nikaandika chini kabisa, kwa herufi zangu mbovu: "Wakubwa wote wana mayai. Nimeambiwa na Mama Furaha. Nimekula."

Dakta alisoma, akaniuliza, "Hili la mwisho nani alikutuma?"

"Hakuna."

Ghuba haikufungwa mwaka mzima. Ila miezi ya kutaga, nyavu za mbuta wakubwa zilipigwa marufuku. Nakiru alinifuata hadi mlangoni pa kituo, mbele ya watu wote.

"Ulienda kututetea, Arot! Umeturudia na njaa!"

Msimu ule Akai aliacha shule.

Nimestaafu sasa. Mkiniuliza kama mbuta waliongezeka, mimi sijui. Ziwa nalo limepanda, limemeza ufuo ule wote na kituo chetu, na wa kupima siku hizi ni wengine. Dakta Mutiso aliniambia siku ya kuagana kwamba mstari ule wa chini ulizidi daftari zangu zote. Nilimshukuru. Lakini yeye anatoka kwao mbali, na mimi jirani yangu hapa Lodwar ni Nakiru.

Tulirudiana, polepole, bila kusema samahani. Jioni huja kwangu. Juzi tu, Akai alipotupita na karai la kuni za kuuza, Nakiru alimfuata kwa macho mpaka akapinda kona.

"Ungenyamaza miaka miwili tu, Arot. Angemaliza."

"Angemaliza," nikasema.

Akasukuma kikombe chake mbele, nikamwongezea chai.