Faili Lililobadilika Kila Asubuhi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Tororo, Mkuu wa Ufundi hakunionyesha kiti wala choo. Alifuta faili moja mbele ya macho yangu, akasema, "Haya, dada Athieno, lirudishe." Nikababaika, sikujua hata pa kuanzia. Akacheka. Alikuwa mtu wa Busia upande wa Kenya, Kiswahili chake kimenyooka kuliko chetu. "Kuhifadhi kila mtu anaweza," akasema. "Hapa unalipwa kwa kurudisha." Nilimchukia mpaka saa ya chai.

Ninyi vijana mnaosema "iko kwenye wingu" kana kwamba mnangoja mvua, sikilizeni. Wingu ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, zimefungiwa kwenye chumba cha baridi. Kampuni yetu ilihudumia wateja wasio na fundi wao: mawakala wa forodha wa Malaba, zahanati, shule, na kituo kimoja cha redio. Nilipoanza tulihifadhi kwenye kanda. Nilikuwa nazibeba mkobani kutoka Busia ya Kenya, na askari wa mpakani akiniuliza ni nyimbo za nani. Wingu lilipokuja, mtandao wetu ulikuwa mwembamba na mizigo mikubwa. Ukituma vyote utazeeka unasubiri. Kwa hiyo nakala ya kwanza ilisafiri ndani ya diski, mtu ameipakata garini hadi Kampala, kisha tukawa tunatuma kile kilichobadilika tu.

Na tulijuaje kilichobadilika? Kila faili lina alama yake, namba ndefu ambayo mashine inaitengeneza kutokana na vyote vilivyomo ndani. Ukigusa hata nukta moja, namba inakuwa nyingine kabisa. Kila asubuhi mashine inalinganisha alama za jana na za leo. Kijani, hakuna kitu. Nyekundu, pamebadilika.

Redio ndiyo iliyokuwa na mzigo mkubwa kuliko wote, matangazo ya miaka na miaka. Halafu radi ikapiga mlingoti wao. Radi za Tororo tunazijua wenyewe. Seva ikaungua, mwenye kituo akakata tamaa, akafunga. Ikabaki nakala yetu peke yake, hakuna anayeituma wala anayeigusa. Asubuhi iliyofuata ripoti ikaja na faili moja jekundu.

Nikasema diski imeoza. Nikalihamishia diski nyingine, likaja jekundu. Nikalifunga lisiandikike, jekundu tena. Mkuu wa Ufundi alikuwa ameshastaafu, tukiwa chini ya Meneja wa Huduma, mtu wa Kampala, shati halina kunyanzi. "Athieno, mteja hayupo, mkataba umeisha," akaniambia. "Ijumaa futa mzigo wote." Nilikubali upesi, maana faili lile lilikuwa limeanza kuninyima raha.

Siku hizo Nabwire, binti wa dawati la wateja, alikuwa anakuja kazini na mtoto wake mchanga mgongoni. Mtoto hakuachika nyumbani. Alilia. Alikataa ziwa la mama. Hospitali walimpima, wakampima tena, hawakuona kitu, na mapaja yake yalikuwa yamebaki ngozi. Kwetu huku mtoto akilia namna hiyo watu wanajua kuna marehemu wa ukoo anayetaka kurithiwa jina. Wazee wanaita marehemu mmoja mmoja, na jina likifika lenyewe mtoto ananyamaza. Ukoo wa mume wake, kule Sikuda, walikuwa wameshaita wote.

"Wameita mpaka wamechoka, mama," Nabwire akaniambia, machozi yanamtoka. "Hii mtoto itanifia mikononi."

Nikampokea mtoto ili yeye anywe chai.

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufuta, nikalifungua lile faili kwenye spika. Angalau nijue linanisumbua nini. Kilikuwa kipindi cha salamu. Mtangazaji alikwenda Tiira kwenye mashimo ya dhahabu, na wachimbaji wakapanga foleni kusalimia kwao. Wa mwisho alikuwa kijana mwenye kicheko kikubwa, kama ndoo inamwagwa. "Ni mimi Wandera. Namsalimia mama. Mwambieni aniwekee chai, nakuja!" Halafu kimya. Ndani ya kile kimya, mtoto mchanga akaanza kulia.

Nikageuka nimwambie Nabwire amtoe mtoto nje kidogo. Mtoto wake alikuwa ametulia mgongoni, mdomo wazi, anaitazama spika. Kilio kilikuwa kinatoka kwenye faili.

"Mama wee!" Nabwire akashika meza. "Huyo ni wangu. Hiyo sauti ni ya mtoto wangu!"

Faili lile lilirekodiwa miaka mingi kabla hajazaliwa. Nikalizima, mtoto akaanza kulia. Nikalifungua, mtoto kimya, faili likalia. Sioni haya kusema niliogopa.

Akina Wandera mpakani huku wamejaa. Nabwire akampigia mumewe simu, akamtajia jina. Mwanaume akauliza, "Nani amekuambia jina hiyo?" Wandera alikuwa kaka yake mkubwa. Shimo lilimfunika Tiira kabla Nabwire hajaolewa, mwili haukutolewa. Mama yao hakukubali kuomboleza. Alikataza mtu yeyote kumtaja mwanawe pamoja na wafu. Wote waliokuwa wameitwa kwa ajili ya mtoto walikuwa na makaburi.

Nikaenda kwa Meneja kuomba tulipeleke lile faili Sikuda. "Data ya mteja haitoki nje ya ofisi," akasema.

"Basi njoo usikie mwenyewe."

Akavaa hedifoni. Alipozivua alifuta viganja kwenye suruali yake safi, akachukua funguo za gari. "Naendesha mimi," akasema.

Sikuda tulimkuta mama mkwe wa Nabwire anamenya mihogo uani. Tukamfungulia ile sauti. Hakungoja jina, alimjua kwenye kicheko, na kisu kikamdondoka. Akataka irudiwe. Kisha akatugeukia kwa hasira ambayo sijaiona tena.

"Nikimwita kwa mtoto huyu, nimemzika. Mnaelewa? Mimi bado namngoja!"

 Nami nimezaa, angekataa nisingemlaumu. Mtoto alikuwa amelegea mapajani mwa Nabwire, hata kulia kwenyewe sasa kulikuwa kwa kukwaruza. Yule mama akamtazama sana. Akajifuta mikono, akampakata, akamsogelea sikioni.

"Wandera," akasema. "Wandera mwanangu. Chai ipo."

Mtoto akageuza kichwa, anatafuta ziwa. Nabwire akampa. Alinyonya mpaka akapata kwikwi. Yule mama akaanguka chini, akalia kilio alichokizuia miaka yote ile, na majirani wakaanza kuingia uani. Baadaye walizika shina la mgomba mahali pa mwili, kama inavyofanywa kwa mtu ambaye ardhi haikumrudisha.

Ijumaa ripoti ilikuwa kijani tupu. Nikaitazama ile alama. Ilikuwa namba ya siku ya kwanza kabisa, ile tuliyoichukua redio ilipoleta faili, mpaka tarakimu ya mwisho. Nikasikiliza. Kicheko, chai, nakuja, kimya. Basi.

Mzigo ule haukufutwa. Wakaguzi wakiuliza, Meneja alikuwa akisema tunaufanyia majaribio, kisha anabadilisha mazungumzo.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku. Mafundi vijana wakija wananiuliza kama naamini mambo hayo. Nawaambia diski nazijua, alama nazijua, hilo silijui, na sitamdanganya mtu kwamba nalijua.

Mtoto yuko shule. Hajawahi kufunguliwa ile sauti, wala kusimuliwa; bibi yake alikataza kabisa, na tumemtii. Likizo iliyopita Nabwire alimleta kunisalimia. Nilikuwa jikoni. Nikasikia kicheko njiani kabla sijamwona mtu, kikubwa, kama ndoo inamwagwa, kisha sauti kutoka langoni.

"Bibi Athieno! Niwekee chai, nakuja!"

Sufuria nikaibandika.