Redio ya Mjomba Seifu Ziwani

Harufu ya lehemu hunikera hadi leo. Nikipita kwa mafundi simu wa Kanyenye, moshi ule ukinipata puani tu, namwona mjomba Seifu amechutama ndani ya mtumbwi, kalamu nyuma ya sikio, akiunga nyaya kwa lehemu na kujifanya mhandisi. Sikumheshimu, jamani, na sianzi leo.

Baba alikuwa ameondoka nyumbani kwetu Ipuli kwenda Maskati kutafuta maisha, kisha akanyamaza kimya. Mimi nilitaka kusikia sauti yake tu. Mjomba, bingwa wa kuanza mambo na kuyaacha njiani, akaapa kwamba redio yake ya upepo, ile ya kusema na kujibiwa, ingemfikia, ila si mjini penye nyaya za umeme; sharti tuwe majini. Tukabebana naye hadi ziwani, kule Usinge, mimi na mama, pamoja na betri ya gari iliyonuka asidi.

Fundi gani yule! Alikodi mtumbwi kwa mvuvi, akausimamishia mlingoti uliopinda na tanga la magunia ya tumbaku lililotupigisha chafya sote. Waya wa antena akaupandisha hadi ncha ya mlingoti, akaufunga kwa kipande cha kanga ya mama. Halafu akatoboa sufuria ya pilau, ya mama pia, akaifungia waya mwingine na kuizamisha ziwani. Eti redio lazima iguse maji.

"Seifu, kichwa chako kimejaa upepo," mama alisema.

"Subiri, dada. Utanishukuru."

Redio ikakoroma, ikapiga miluzi, kisha, nisiamini masikio yangu, akaitika mwanamume. Mjomba akanisogezea kipaza sauti.

"Shikamoo baba!"

Yule mtu akajibu kwa maneno nisiyoyajua, akacheka kidogo.

"Anasema marahaba," mjomba akatafsiri, bila hata kupepesa macho.

Nililia kwa furaha. Mama aligeuza uso, akatazama matete.

Kwa uongo ule namdharau mjomba mpaka sasa. Mtoto hachezewi hivyo. Lakini nilipokua ndipo nilipoelewa kilichomgeuza mama uso. Redio ilifanya kazi vizuri kabisa. Ilivuka nchi sijui ngapi, ikampata mtu asiyetujua hata kwa jina, kwa sababu tu alikuwa amekaa anasikiliza. Baba hakuwa amekaa popote kutusikiliza. Basi dharau yangu nimeigawa: mjomba ana sehemu yake, ila fungu kubwa ni la baba.