Argia na Shuka la Bluu

Argia Zanarini alikuwa mwongo wa jambo moja tu. Kwa mengine yote alikuwa mnyoofu kama mti wake wa kusukumia unga, na duka la tambi alilofanyia kazi nyuma ya soko la Bologna lilimwachia hata funguo. Lakini kila mwanafunzi aliyepanga chumba chake cha uani alisimuliwa yanayoonekana kutoka juu ya mnara mrefu wa mjini: vilima upande huu, tambarare upande ule, na siku ya hewa safi, bahari. Alisimulia vizuri mno, mpaka ukaona upepo unakupiga usoni. Na hakuwahi kuupanda.

Mwaka ule wa 1998 alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile ya mbao, akisukuma unga wa mayai mpaka uwe mwembamba kiasi kwamba ukiuinua dirishani, unaliona kanisa la San Luca kule kilimani. Ndivyo wanavyoupima. Kama kanisa halionekani, endelea kusukuma. Kando yake alisimama Dirce, shoga yake, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo.

Mpangaji wa mwaka ule aliitwa Sanelma, binti mrefu kutoka Ufini, anasomea majengo. Alifika Septemba, mvua inanyesha tangu alfajiri. Jumapili Argia akamkaribisha chakula cha mchana pamoja na Dirce, akapakua tortellini, vile vitambi vilivyofungwa nyama ndani, kwenye supu ya kuku, akauliza swali analowauliza wote.

"Haya, mwanangu, umeuonaje mji wetu?"

Sanelma akafungua kijitabu chake kabisa, kama mtu anayetoa ushahidi.

"Nimetembea kutoka stesheni mpaka hapa, mvua inanyesha, mwavuli sina, na sikulowa hata unywele. Kwetu paa ni la mwenye nyumba. Hapa mwenye nyumba amemfunika na mpita njia."

Argia alisita, kijiko kiko njiani. Alizaliwa chini ya baraza zile za nguzo zinazofuatana mtaa kwa mtaa, akachezea humo, akapita humo kila siku kwenda kazini. Hakuwahi kuziona hivyo.

"Endelea," alisema.

"Nikaanza kuhesabu nguzo. Nikafika mia mbili na kumi na nne, mzee mmoja akanisalimia, hesabu ikapotea. Halafu pale sokoni nikaona wanaume wawili wanafokeana, nikatafuta askari. Kumbe wanaagana."

"Hao wapole," alisema Dirce. "Siku moja uje utusikie sisi."

"Na kuta zote ni nyekundu, lakini hakuna kuta mbili zenye wekundu ulio sawa. Ukiwa juu ndiyo unaona vizuri."

"Juu wapi?"

"Juu ya mnara. Nimepanda jana."

Kijiko cha Dirce kikatumbukia kwenye supu. "Amepanda! Wiki ya kwanza! Mama yangu wee, mtoto huyu hahitimu tena!"

Maana katika mji ule hata mtoto wa chekechea anajua: mwanafunzi haupandi mnara kabla ya kuvaa shada la shahada. Akiupanda, masomo yameota mbawa. Wako mahakimu na matabibu walioapa kwamba hawaamini upuuzi, na bado walingoja.

"Mimi nimeupanda mara nne," Dirce aliendelea, "kila mara na mchumba mwingine. Lakini mimi niliishia darasa la tano. Mnara utaninyang'anya nini?"

Sanelma alicheka, kisha akamgeukia mwenyeji wake. "Bi Argia, nimeiona na nyumba hii. Nimeliona lile shuka lako la bluu kwenye kamba ya juu ya paa. Uliniambia vilima, uliniambia bahari, mbona hukuniambia unaiona nyumba yako? Mimi ningeitafuta kwanza."

Argia akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Argia," alisema Dirce polepole. "Ulipanda lini?"

"Sijapanda."

"Hata mara moja?"

"Mwanafunzi hapandi."

"Lakini wewe si mwanafunzi," alisema Sanelma.

Hapo ndipo palipouma, akawasimulia. Mwaka wa 1962 Argia alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu wa chuo kikuu, wa Kilatini. Aliingia mbele ya profesa, akakwama mstari wa tatu, na yule mzee akamwambia mbele ya darasa zima kwamba mikono ile ilifaa zaidi unga. Argia akachukua koti lake akatoka. Jumatatu iliyofuata alikuwa dukani.

Dirce alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Kisha akagonga meza.

"Mtu aliyeacha shule hauogopi mnara, shoga yangu. Anayeuogopa ni mwanafunzi. Basi wewe umo bado! Miaka thelathini na sita umo, na hatukujua!"

"Niacheni nile," alisema Argia. Lakini hakula.

Kesho yake alivua aproni saa nne akaenda chuoni. Karani alipotelea kwenye makabati nusu saa nzima, akarudi na jalada lenye vumbi. Mitihani yake ya zamani ilikubaliwa. Alidaiwa Kilatini na insha ndefu ya mwisho.

"Bibi, umechelewa kidogo," alisema karani.

"Mikono yangu ilikuwa na unga."

Majira yote ya baridi walisoma dukani, Dirce ameshika kitabu kwa vidole vyeupe. "Haya soma, profesa wa tambi, wateja wanangoja." Lakini ugonjwa ulikuwa ule ule. Argia alianza na neno la kwanza, akakimbilia la pili, na kufika mstari wa tatu maana yote ilikuwa imemchanikia mikononi. Februari akasema basi, amechoka, akarudi kwenye mti wake.

Sanelma alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama.

"Bi Argia, mbona huanzi pembeni?"

"Nani anaanza pembeni? Unga utachanika! Unaanza katikati, unasukuma kwenda nje, unageuza kidogo, unasukuma tena..."

Akakitazama kitabu. Akafuta mikono, akakitafuta kitenzi kule katikati ya sentensi, akakiwekea kidole. Kisha akasukuma kwenda nje.

Mtihani ulikuwa Mei, mbele ya watu, kama desturi. Vijana walijaa kwenye mabenchi. Dirce alikaa nyuma na kofia yake ya harusi. Profesa alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi. Akampa Argia barua ya mtu wa kale anayemwalika rafiki yake shambani. Mstari wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Wa tatu Argia akakwama.

Sauti ya yule profesa mzee ikamrudia masikioni, neno kwa neno. Mkono wake ukalifuata koti lililokuwa kwenye kiti, ukalishika. Nyuma kule Dirce alifumba macho.

Argia akaliachia koti.

"Naomba nianze upya. Kutoka katikati."

"Anzia unapotaka," alisema profesa.

Akaweka kidole kwenye kitenzi. Akasukuma, akageuza, akasukuma tena. Barua ikafunguka mpaka pembe zake, rafiki akafika shambani, wakala zabibu, na hakuna kilichochanika.

"Ishirini na nane kwa thelathini," alisema profesa. "Unaipokea alama hiyo?"

"Anaipokea!" Dirce alipaza sauti kutoka nyuma. "Anaipokea, mama, andika upesi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sanelma naye alifaulu mitihani yake yote mitano. Dirce akaamua kwamba mnara hauwatambui wageni. Juni binti akarudi kwao. Argia aliandika insha yake juu ya nguzo za mtaa wake, akaitetea Novemba, na akatoka chuoni na shada la majani kichwani. Vijana wasiomjua wakamwimbia ule wimbo wa matusi wanaomwimbia kila mhitimu, na Dirce akammwagia unga kilo nzima.

"Sasa twende," alisema Argia.

"Nenda mwenyewe. Leo sina mchumba."

Vidato vya ngazi vilikuwa mia nne tisini na nane. Alipumzika mara tano. Alipofika juu, ameshika shada lisichukuliwe na upepo, hakutafuta vilima. Alitafuta shuka la bluu alilolianika mwenyewe asubuhi ile, akaliona, dogo kama stempu. Na kulizunguka, wekundu baada ya wekundu, mji ambao alihisi ameufikia leo tu kwa treni, kama mgeni. Akacheka peke yake kwa sauti mpaka watalii wakamtazama. "Pale ni kwangu!" aliwaambia, akiwaonyesha kwa kidole. Bahari hakuiona.

Mpangaji aliyefuata alikuwa kijana wa Kigiriki. Jumapili ya kwanza, akila supu, aliuliza ni nini kinachoonekana kutoka juu ya ule mnara.

"Maliza masomo kwanza," alisema Argia, akamwongezea tortellini.